Je, wajua kwa nini mtoto hutibiwa bure lakini dawa zake unanunua nje?

Pale mapokezi kuna ubao umeandikwa kwa rangi ya buluu: HUDUMA KWA WATOTO CHINI YA MIAKA MITANO NI BURE. Miaka michache iliyopita nilikaa benchini chini ya ubao kama huo, katika hospitali moja ya wilaya, pamoja na dada yangu. Mwanawe wa miaka miwili kamlalia mapajani, homa imempanda. Kumwona daktari hatukulipa. Kitanda hatukulipa. Kisha muuguzi akatupa kikaratasi: kanula moja, dripu mbili, glavu, na dawa ya sindano ambayo dirishani "imeisha, kaangalieni nje". Nje ni lile duka la dawa lililo mkabala na geti, ambalo halina ubao wa bure.

Dada hakumlaumu muuguzi, wala mimi simlaumu. Nilichobaki nacho kichwani ni swali: hii "bure" nani anailipia?

Mara nyingi, hakuna anayeilipia. Shida yote imeanzia hapo.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika hospitali za umma Tanzania Bara yalikuwa hayana malipo kwa mtu yeyote. Miaka ya themanini uchumi ukayumba, rafu za dawa zikabaki tupu, na mwaka 1993 Serikali ikaanza kuwataka wagonjwa wachangie gharama, kwanza katika hospitali kubwa, kisha kushuka chini. Ili wasio nacho wasifie mlangoni, yakawekwa makundi ya msamaha. Sera ya Afya ya 2007 inayataja, na watoto wa chini ya miaka mitano wamo, pamoja na wajawazito, wazee wasio na uwezo na wenye baadhi ya magonjwa ya muda mrefu.

Angalia neno lenyewe: msamaha. Mgonjwa kasamehewa, ila dripu aliyotundikiwa haikusamehewa na aliyeiuza. Hospitali ya wilaya huchukua dawa Bohari ya Dawa, MSD, kwa fungu linalotoka Serikalini na kwa makusanyo yake yenyewe: fedha za wagonjwa wanaolipa na madai yanayolipwa na bima. Mgonjwa wa msamaha anakula chungu hicho hicho bila kutia kitu. Kadiri wilaya inavyokuwa maskini, wa msamaha huwa wengi na wanaolipa huwa wachache, na chungu hukauka mapema. Matokeo yake ni ya kusikitisha: dawa huwahi kuisha kulekule ambako wazazi hawana cha kununulia nje.

Na mtoto akishatimiza miaka mitano? Mwenye miaka sita akianguka mwembeni akavunjika mkono, kwenye karatasi yeye ni mgonjwa kama mimi na wewe: kumwona daktari, picha ya eksirei, plasta, vyote vina bei. Imebaki njia ya afisa ustawi wa jamii, ambaye anaweza kumwandikia msamaha kama familia imethibitishwa kuwa haina uwezo. Uthibitisho huo ni barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na ajali ya mwembeni haisubiri mtendaji arudi kutoka kwenye kikao.

Wengine watauliza, si kuna bima? Ilikuwepo ya watoto, Toto Afya Kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Kwa matibabu iliyoyafungua, ilikuwa rahisi mno. Mwaka 2023 Mfuko ukasitisha kusajili mtoto mmojammoja na kutaka watoto waingie kupitia shule zao, na wazazi wakapiga kelele nchi nzima. Baadaye kadi ikarejeshwa, lakini sababu ya kusitishwa inafaa kueleweka, maana haikuwa roho mbaya tu.

Fikiria chama cha kufa na kuzikana pale mtaani kwenu. Kinasimama kwa sababu kaya mia zinachanga na mwaka huo misiba ni minne. Sasa chukulia kinakubali mwanachama aingie siku mgonjwa wake yuko mahututi, alipe mchango wa mwezi mmoja, na kesho achukue sanda na basi la kusafirisha. Chama hicho hakitaona Krismasi. Ndivyo kadi ilivyokwenda. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu au tundu kwenye moyo alikuwa wa kwanza kupanga foleni, na nani angemlaumu? Mzazi mwenye mtoto mzima akasema ngoja kwanza. Matumizi yakaupita mchango kwa mbali. Bima ya hiari ya watoto huishia hapo isipotiwa fedha za umma, au isipowaingiza wote, wazima na wagonjwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 iliandikwa kwa kulifahamu hilo. Ndani yake kuna mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na inataja vyanzo vya fedha vikiwemo kodi za pombe, soda, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Chanzo kutajwa ni jambo moja. Ni kiasi gani kitachotwa humo na kufika kwenye dirisha la dawa, hilo linaamuliwa kila mwaka Dodoma.

Kabla ya Dodoma, tupite Bujumbura. Tarehe 1 Mei 2006 Burundi ilitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka mitano watatibiwa bure na kina mama watajifungua bure. Watu walifurika, wodi zikajaa, dawa zikaisha, na vituo vikakaa vikisubiri fedha zilizochelewa. Kisa chetu kilekile. Ila mwaka 2010 waliunganisha huduma ya bure na mfumo wa kukilipa kituo kwa kazi iliyofanyika: kila mtoto aliyetibiwa anaandikwa, maandishi yanahakikiwa, kituo kinalipwa kwa hesabu hiyo. Burundi si tajiri kuliko sisi, na ucheleweshaji haukwisha kabisa, lakini swali la "nani analipa" lilipata jibu lililoandikwa. Mtoto wa bure akawa mtoto anayekiingizia kituo fedha, badala ya kuwa mzigo.

Sasa Bunge. Wengi wetu tunamwomba mbunge "atuongezee bajeti ya watoto". Je, wajua kwamba peke yake hana uwezo huo? Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania hairuhusu Bunge kushughulikia hoja ya kuongeza kodi au matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa pendekezo limetoka kwa Rais kupitia waziri. Kupunguza, anaweza. Ndiyo asili ya kile kituko tunachokiona kwenye televisheni, mbunge akisimama na kusema "nashika shilingi ya Waziri". Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi na kufika kwenye kifungu cha mshahara wa waziri, mbunge ambaye hakuridhika na maelezo hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja. Hoja ikiungwa mkono inajadiliwa, waziri anabanwa mbele ya nchi nzima atoe ahadi yenye tarehe, na ahadi hiyo huingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Kisha, kwa kawaida, shilingi hurudishwa. Watu huicheka, lakini mimi naiheshimu shilingi ile. Muda ukiisha, hata hivyo, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo, wenyewe wanaita gilotini, na swali lililopangwa mwisho linakatwa kichwa humo.

Kwa hiyo kama una mbunge wa kumsumbua, msumbue mapema, na usikosee wizara. Hospitali ya wilaya, vituo vya afya na zahanati viko chini ya halmashauri, na bajeti yake husomwa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa kawaida mwezi Aprili. Hospitali za rufaa za mikoa na za kanda, pale anapopelekwa mtoto aliyeshindikana, ziko chini ya Wizara ya Afya, inayosoma ya kwake baadaye. Mtu anayempigia kelele Waziri wa Afya kwa dripu zilizokosekana wilayani anampigia jirani wa mwenye deni. Na kabla ya hotuba zote hizo, halmashauri yako imeshapitisha rasimu yake kwenye baraza la madiwani, mwanzoni mwa mwaka. Mbunge ni mjumbe wa baraza hilo. Aliyeamka mwezi Mei amechelewa.

Kitu kingine: tofautisha kutengwa na kutolewa. Katika hotuba za bajeti kuna aya inayochosha, inayosema hadi mwezi fulani wizara ilipokea kiasi gani cha fedha zilizoidhinishwa. Watu huiruka kwenda kwenye mipango mipya. Mimi siku hizi huanzia hapo, kwa sababu fedha iliyoidhinishwa Juni na isiyofika hainunui hata glavu.

Viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Sisi hatujaifikia, na sidhani kumkumbusha mbunge Abuja kunamtisha. Kumuuliza habari ya hospitali anayopita akienda nyumbani kwake kunamtisha zaidi. Ukimwandikia, andika hivi: "Mheshimiwa, katika bajeti hii ni kifungu gani kinalipia watoto wa msamaha wa hospitali yetu, na hadi Machi kimepokea shilingi ngapi?" Nimehesabu herufi, inaenea kwenye SMS moja.