Nafasi ya upendeleo Olimpiki: kwa nini Tuvalu wanaipata na mkimbiaji wa Mbeya anaikosa

Kila Olimpiki inapofika, swali hili halikosekani kwenye vibanda vya Mwanjelwa na Soweto wakati watu wanaangalia mbio za mita 100: huyu aliyeachwa mbali hivi alifikaje pale, wakati hapa Mbeya kuna vijana wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wanaoweza kumpita? Ni swali la haki. Jibu lake ni nafasi ya upendeleo, ambayo wengine huiita waildi kadi.

Kwa kawaida mwanariadha huingia Olimpiki kwa njia mbili. Afikie kiwango cha kufuzu, yaani muda au umbali uliowekwa, au akusanye pointi za kutosha kwenye orodha ya ubora wa dunia. Kiwango cha mita 100 wanaume kwa Paris 2024 kilikuwa sekunde 10.00. Ukibaki na kipimo hicho tu, nchi chungu nzima hazitaonekana uwanjani, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, yenye kamati za taifa 206, inataka kila mmoja awepo. Ndiyo maana kwenye riadha nchi isiyo na mwanariadha hata mmoja aliyefuzu huruhusiwa kumwingiza mwanamume wake bora au mwanamke wake bora katika tukio moja. Kuogelea kuna utaratibu wake. Michezo mingine kadhaa hupitia tume ya pande tatu (Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, umoja wa kamati za taifa na mashirikisho ya michezo), inayoziangalia nchi ambazo katika Olimpiki mbili zilizopita zilipeleka kwa wastani wachezaji wanane au pungufu katika michezo ya mtu mmoja mmoja.

Sasa tazama Tuvalu. Ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki vyenye ukubwa wa kilomita za mraba 26 hivi na watu takriban 11,000. Ziko kata za Jiji la Mbeya zenye watu kuwazidi. Ardhi ni nyembamba kiasi kwamba wanariadha wa Funafuti, mji mkuu, hufanyia mazoezi kwenye njia ya kurukia ndege. Mwaka 2016, kule Rio, Tuvalu nzima iliwakilishwa na mtu mmoja tu, Etimoni Timuani, ambaye kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu. Bendera alibeba mwenyewe, mbio akakimbia mwenyewe, akamaliza kwa sekunde 11.81. Kiwango cha kufuzu mwaka ule kilikuwa 10.16.

Hapo ndipo watu hukasirika, lakini wasichokiona ni kwamba Timuani hakumnyang'anya mtu nafasi. Kwenye mita 100 kuna hatua ya awali kabla ya raundi ya kwanza, na wengi wa wanaoingia kwa upendeleo hukimbia huko. Wenye viwango huwa hawajavaa hata viatu vya miiba.

Kwa nini basi mlango huo haumfungukii kijana wetu? Kwa sababu Tanzania inafuzu. Paris 2024 tulikuwa na Alphonce Simbu, Gabriel Geay, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu kwenye marathoni. Wakishafuzu hao, nafasi ya upendeleo ya riadha inafungwa, hata kama kwenye mbio fupi hatuna mtu. Mkimbiaji wa mita 100 kutoka Iringa anazuiwa na mafanikio ya wenzake wa mbio ndefu, ambao pengine hajawahi kukutana nao. Kwenye kuogelea hali ni tofauti: hatuna aliyefuzu kwa muda, ndiyo maana Collins Saliboko na Sophia Latiff walipata nafasi. Kwa hiyo anayewacheka Watuvalu ajue kwamba na sisi tumeupita mlango huohuo.

Naiunga mkono kanuni hii kwa moyo wote. Udogo wa nchi hausemi lolote kuhusu kipaji kilichomo. Julien Alfred wa Saint Lucia, kisiwa chenye watu 180,000 hivi, alifuzu kwa miguu yake na kushinda mita 100 Paris kwa sekunde 10.72. Ilikuwa medali ya kwanza ya nchi yake. Baada ya ushindi alieleza jinsi alivyokua akikimbia peku, na sare ya shule mwilini. Picha hiyo mwalimu yeyote wa michezo wa Rungwe au Mufindi anaijua. Jirani zetu Wakomoro wamekuwa wakishiriki tangu Atlanta 1996 na bado hawajapata medali, lakini mtoto wa Moroni anajua kuwa bendera yake hupita pale kila baada ya miaka minne.

Kasoro ipo, nayo hutokea nyumbani, kwenye kuteua. Nafasi ikiwa ya nchi, wakubwa wanaweza kumpa ndugu badala ya aliye bora. Mwaka 2023, kwenye michezo ya vyuo vikuu vya dunia kule Chengdu (haikuwa Olimpiki, ila funzo ni lilelile), Somalia ilimpeleka mkimbiaji aliyemaliza mita 100 kwa sekunde 21.81, na kiongozi wa riadha wa nchi hiyo akasimamishwa. Aliyeumia pale ni binti mwingine wa Somalia aliyekuwa na kasi na hakuitwa.

Kijana wa mbio fupi wa Nyanda za Juu Kusini, basi, abaki na njia zilezile mbili, kiwango au pointi. Hewa nyepesi ya Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa mbio fupi inasaidia kidogo. Kinachomkwamisha ni vipimo. Anakimbia kwenye nyasi zilizochorwa chokaa, mwalimu amesimama mwishoni na saa ya kubonyeza. Muda wa saa ya mkono hautambuliwi kwa kufuzu mita 100. Lazima mtambo wa kielektroniki, na kipima upepo kionyeshe kuwa upepo wa nyuma haukuzidi mita 2.0 kwa sekunde. Wadau wa riadha wa mikoa hii wakichangishana fedha, waanze na vifaa hivyo viwili kabla ya jezi.