Amekuja ila hajaingia: utoro wa walimu ni nini hasa

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, nilisimama mlangoni mwa darasa la tano katika shule ya kisiwani, wilaya ya Ukerewe, Ziwa Victoria. Ubaoni palikuwa na tarehe ya Alhamisi, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa chaki nyeupe, na chini yake hesabu ya sehemu iliyoachwa katikati. Watoto wakasimama wote, wakaniamkia. Nikawauliza mwalimu wao wa Hisabati yuko wapi. Msichana wa dawati la mbele, kumbe ndiye kiranja, akanijibu: "Amekuja, ila hajaingia."

Ni kweli alikuwa amekuja. Kitabu cha mahudhurio kilikuwa na saini yake, saa moja na dakika ishirini. Alikuwa chini ya mwembe nyuma ya ofisi, amezungukwa na madaftari ya darasa la saba.

Tukisema utoro wa walimu, wengi wetu hatumfikirii mwalimu huyu. Neno lenyewe limetoka kwenye kutoroka. Zamani pwani watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao. Ndiyo maana ukisikia "mwalimu mtoro" unamwona aliyekimbia: yuko dukani kwake mjini, au yuko mwaloni ananunua dagaa wa kuuza. Wa namna hiyo wapo, na sheria inawatambua. Mtumishi wa umma asiyeonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi anaweza kufukuzwa, na kwa walimu makosa mazito kama hayo hufika Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Ila kwa upande wa mwanafunzi, dhana hii ni pana kuliko neno lake. Utoro wa walimu ni kila kipindi kilichopo kwenye ratiba ambacho mwalimu wake hakuwa darasani kukifundisha, awe amefika shuleni au hajafika, awe na ruhusa au hana. Najua walimu wenzangu wengine watanuna kuona mwenye ruhusa anaingizwa humo. Sisemi wana kosa. Nasema mtoto aliyekaa bila mwalimu dakika 40 amezikosa zote 40, hata kama barua ya ruhusa ina mhuri.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilipima jambo hili nchini Tanzania kwa kuzuru shule bila taarifa. Katika kila walimu 100, kama 14 hivi hawakuwepo shuleni. Hiyo ndiyo namba tunayoipigia kelele. Lakini walipopita darasa kwa darasa, karibu walimu 47 katika kila 100 hawakuwa wakifundisha darasani. Maana yake theluthi mbili hivi ya tatizo iko ndani ya uzio wa shule, pale ambapo kitabu cha mahudhurio kinasema kila kitu kiko sawa. Chukua darasa lenye vipindi vinane kwa siku, likose nusu yake: vipindi vinne vya dakika 40 ni saa mbili na dakika 40, kila siku. Kwa mwaka wa masomo wa siku 194, ni kama shule imefungwa siku 97.

Sasa kwa nini mtu afike shuleni asiingie darasani? Nimefundisha miaka mingi kandokando ya ziwa hili, na sababu nilizoziona hazifanani. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa yamefurika. Mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja ana lundo la madaftari lisilomalizika, na muda wa kusahihisha anaupata kwa kuliibia darasa jingine. Wengine wanajaza takwimu zinazotakiwa wilayani leo hii. Wengine somo limewapita kimo. Mwalimu asiyeiweza mada ya sehemu ataona aibu kuwakabili watoto, na kazi ya ofisini inakuwa maficho. Na wengine, tusidanganyane, wamezoea tu. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kwa wasiofika kabisa, ziwa lina sehemu yake. Aliye Ukara akiwa na shida ya makao makuu ya wilaya anavuka kwanza kutoka Bwisya hadi Bugolora, halafu anatafuta gari la Nansio. Suala la nusu saa dirishani linakula siku nzima, na ziwa likichafuka linakula mbili. Kulikuwa pia na walimu waliokaa jijini Mwanza na kufundisha ng'ambo, upande wa Sengerema. Foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa ndiyo kengele yao. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 kisingizio hicho kimekufa, na ni jambo la kushukuru. Visiwani bado. Kule dawa kubwa ni nyumba ya mwalimu karibu na shule, na huduma ndogondogo za kiutumishi kumfuata mwalimu kwenye kata badala ya yeye kuzifuata.

Kuna pia utoro unaotengenezwa na mfumo wenyewe, na huu unaniuma zaidi kwa sababu unazuilika kwa kalamu tu. Semina inaitishwa Jumanne katikati ya muhula wakati likizo ipo. Mwalimu wa kike anakwenda likizo ya uzazi ya siku 84, haki yake kamili, na hakuna anayepangwa kushika vipindi vyake. Darasa linangoja wiki kumi na mbili kana kwamba mimba ile ilikuwa siri.

Katika udhibiti, kosa letu kubwa ni kupima lango. Kitabu cha kusaini kinapima lango. Mashine ya alama za vidole inapima lango kwa umeme. Huko India, katika vijiji vya Udaipur, watafiti waliwahi kuwapa walimu kamera: mmoja wa wanafunzi anampiga mwalimu picha pamoja na darasa asubuhi na jioni, na malipo yanafuata siku zilizothibitishwa. Utoro ulishuka kutoka asilimia 42 hadi 21. Wanaoisimulia habari hiyo husifu kamera. Mimi naona mambo mawili mengine: mwalimu alipigwa picha akiwa na watoto wake, siyo akiwa getini, na taarifa ile ilikuwa na matokeo kwenye malipo. Kamera isiyosomwa na mtu ingekuwa pambo tu. Halafu wale hawakuwa waajiriwa wa kudumu wa serikali, hivyo huwezi kuuchukua mpango ule mzima ukaupandikiza Kwimba au Magu.

Chombo kinachotufaa tunacho tayari: jonali ya darasa, ile anayoshika kiranja, yenye safu ya kipindi, somo, mada na saini ya mwalimu. Shule nyingi inajazwa Ijumaa mchana kwa mkupuo, wino mmoja, na kiranja anaogopa kumwachia mwalimu nafasi tupu. Niliwahi kufanya kazi chini ya mwalimu mkuu mmoja aliyelimaliza hilo bila ukali. Kila siku saa nane mwalimu wa zamu alikusanya jonali, na mama yule alizisoma mwenyewe kabla ya kwenda nyumbani. Palipo wazi alimwita mhusika faragha na swali lake lilikuwa moja: "Mwalimu, nikusaidieje kipindi hiki kisipotee tena?" Aliyeelemewa na madaftari alipunguziwa. Aliyeshindwa mada alibadilishana na mwenzake. Aliyezoea, mara ya tatu alipewa barua, na barua ile ilikuwa na tarehe na vipindi, kwa hiyo hakuwa na cha kubishia. Muhula wa pili mwembe ulibaki na kuku.

Kamati ya shule nayo ina haki ya kuomba muhtasari wa jonali hizo katika kikao chake. Mara nyingi inaishia kujadili matofali.

Na mzazi asiyepata nafasi ya kufika shuleni achukue daftari la mtoto ahesabu tarehe. Nilifanya hivyo mwezi uliopita kwa mpwa wangu anayesoma darasa la sita huko Misungwi. Daftari la Kiswahili lilikuwa na tarehe kumi na saba kwa mwezi ule. La Sayansi lilikuwa na nne, na mbili kati ya hizo ni kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, chini hakuna kitu. Dada yangu alilifunga daftari lile kwenye kitenge, na asubuhi yake, badala ya kwenda sokoni, akashika njia ya shuleni.