Jino la dhahabu, wanja na stima: maswali mnayoniuliza kuhusu MRI

Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili, hapa Mombasa. Mtu akiandikiwa MRI, picha inayopigwa kwa mashine kubwa ya sumaku, huja na karatasi ya daktari mkononi na hofu moyoni, na maswali huanza hata hajaketi. Nimeyaandika yale yanayorudi kila wiki, kutoka Likoni hadi Kisauni.

Mionzi ya MRI haitaniletea saratani?

MRI haina mionzi ya namna hiyo. Inayotumia mionzi inayoweza kudhuru seli ni eksirei na skani ya CT, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, na hata huko kiasi hutofautiana sana. Eksirei moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Binadamu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani, angani na katika chakula, bila kukanyaga hospitali. Kwa hiyo eksirei hiyo ni sawa na wiki mbili za maisha ya kawaida. CT ya tumbo ni kubwa zaidi, milisiveti 8 hivi, ndiyo maana haipigwi ovyo.

MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hutumia wimbi la karibu megahezi 64, chini ya pale stesheni za FM zinapoanzia. Hata hivyo, mama mjamzito atuambie mapema. Picha yenyewe huweza kupigwa ikihitajika, lakini ile dawa ya gadoliniamu inayodungwa mshipani ili picha ionekane vizuri zaidi huepukwa wakati wa mimba. Mwenye ugonjwa wa figo naye aseme kabla ya sindano.

Kama haina mionzi, huona kwa kutumia nini?

Kwa maji yako mwenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na ndani ya maji mna hidrojeni. Kiini cha hidrojeni ni protoni moja, nayo ina tabia ya kisumaku kidogo mno kinachozunguka.

Kumbuka ile pia ya kuzungusha tuliyochezea utotoni: ikianza kuchoka, kichwa chake huyumba huku bado inazunguka. Protoni ikiwa ndani ya sumaku kubwa huyumba vivyo hivyo, karibu mara milioni 64 kwa sekunde. Tukiipelekea wimbi la redio la mwendo huohuo, hulipokea na kuinama. Tukinyamaza, hurudi ilivyokuwa, na ikirudi hutoa wimbi hafifu, tuliite mlio wake, ambalo mashine hulinasa. Protoni za mafuta hurudi kwa mwendo wake, za ubongo kwa wake, za uvimbe kwa wake. Picha huchorwa kutokana na tofauti hizo.

Mimi bado hustaajabu kwamba katika kila protoni milioni, zinazochangia mlio huo ni chache, za kuhesabika kwa vidole. Tunaona kitu kwa sababu tu mwilini maji ni mengi kupita kiasi.

Ni madaktari walioibuni?

La, na hapa naomba subira yenu kidogo. Mwaka 1938 mwanafizikia Isidor Rabi alikuwa anapima sumaku za viini vya atomu, kwa hamu ya kujua tu. Mwaka 1946 Felix Bloch aliupata mlio huo ndani ya maji, na Edward Purcell na wenzake wakaupata ndani ya nta ya parafini. Nta, jamani! Hakuna mgonjwa aliyekuwa akiwaziwa. Ilipofika 1973 ndipo Paul Lauterbur alipoonyesha namna ya kuugeuza mlio kuwa picha, naye Peter Mansfield akaiboresha hesabu yake na kuiharakisha. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003. Kijana wenu akipenda fizikia, msimwambie haina faida.

Stima ikipotea nikiwa ndani, itakuwaje?

Picha itakatika, taa zitazimika, nasi tutakutoa. Lakini sumaku haizimiki. Koili zake ni nyaya zilizoviringwa, za metali ziitwazo niobiamu na titaniamu, zilizotumbukizwa kwenye heliamu ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo waya haupingi umeme hata chembe, jambo ambalo Heike Kamerlingh Onnes aliligundua kwenye zebaki mwaka 1911. Umeme ukishawekwa ndani ya koili huzunguka wenyewe miaka na miaka bila kusukumwa. Kwa sababu hiyo mlango wetu hufungwa hata usiku, hata siku ambayo mtaa mzima uko gizani.

Na ile kelele?

Ni koili nyingine ndogo. Umeme wake huwashwa na kuzimwa upesi upesi ndani ya sumaku, zikatikisika na kugonga. Tutakupa vizibo vya masikio. Wewe tulia tu, usisogee.

Mbona jirani yangu aliyegongwa na bodaboda alipigwa CT, si MRI?

Kwa sababu CT humaliza kwa sekunde chache na huonyesha vizuri damu iliyovuja karibuni na mfupa uliovunjika. MRI huchukua dakika 20 hadi saa nzima. Na mjue kwamba hesabu za CT zilianza kufikiriwa hapa barani: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuzifanyia kazi akiwa Cape Town mwaka 1956, na mwaka 1979 akapewa Nobel pamoja na Godfrey Hounsfield.

Nivue nini? Nina jino la dhahabu.

Jino libaki, bibi. Dhahabu haivutwi na sumaku. Vua vipuli, vikuku, pini za mtandio na hirizi yenye kasha la bati. Osha wanja, kwa kuwa baadhi yake huwa na madini ya chuma yanayoharibu picha na kuwasha jicho. Kadi ya benki iache nje. Koili ya shaba ya kupanga uzazi kwa kawaida haina shida, ila itaje.

Mambo mawili msinifiche kamwe. La kwanza ni kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au klipu yoyote mliyowekwa kichwani kwa upasuaji. Nyingine zinaruhusiwa na nyingine zinaweza kuua, kwa hiyo njooni na karatasi zake.

La pili nawaambia mafundi wa kuchomelea vyuma. Kama cheche ya chuma iliwahi kukuingia jichoni, hata miaka kumi iliyopita, hata kama ulisahau maumivu, sema. Kipande kikiwa bado kimo, sumaku itakivuta nacho kitakata jicho kwa ndani. Tutakupiga kwanza eksirei ya macho, mashine ile ya zamani, iliyotokana na ugunduzi wa Wilhelm Röntgen wa 1895. Macho yakionekana safi, ndipo nikufungulie mlango wa MRI.