Melioidosi: ugonjwa wa tope unaofanana na kifua kikuu

Msimu wa mvua, mkulima wa mpunga wa Igunga, Nzega au bonde la Malagarasi, hapa Tanzania, hushinda na tope la jaruba mpaka magotini, na wengi wako pekupeku. Melioidosi huwapata zaidi watu wa kazi ya namna hii. Ni ugonjwa wa bakteria aitwaye Burkholderia pseudomallei, anayeishi kwenye udongo wenye unyevu na maji yaliyotuama. Huingia mwilini kupitia kidonda au mchubuko, kwa kunywa maji yasiyochemshwa, au kwa kuvuta hewa yenye vumbi na matone ya maji wakati wa dhoruba. Mtu kumwambukiza mwenzake ni nadra mno, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbia mgonjwa.

Waliougundua ni Alfred Whitmore na C. S. Krishnaswami, mjini Rangoon, Burma (sasa Myanmar), na waliandika habari zake mwaka 1912. Unafahamika zaidi kaskazini mashariki mwa Thailand na kaskazini mwa Australia. Hata hivyo, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitaja wagonjwa 165,000 duniani kila mwaka na vifo 89,000. Watafiti hao walisema pia kwamba, mbali na nchi 45 ambako ugonjwa unajulikana upo, huenda upo katika nchi nyingine 34 ambazo hazijawahi kuripoti mgonjwa hata mmoja. Majirani zetu Kenya na Malawi wamekwisha kupata wagonjwa, na Madagaska pia. Hiyo inatosha kutufanya tuujue.

Shida kubwa ni kwamba hauna dalili ya peke yake. Mtu anapata homa, anakohoa, kifua kinauma, anakonda. Kila anayemwona anasema TB. Makohozi yanapimwa, TB haionekani, lakini eksirei ya kifua inatisha, basi anaanzishiwa dawa za TB na hapati nafuu. Mwingine anaota majipu ndani kwa ndani, kwenye ini, bandama au tezi dume. Mwingine maambukizi yanasambaa kwenye damu na anafariki katika siku chache. Pia wapo ambao bakteria hukaa kimya mwilini kwa miaka, kisha huibuka kinga inapopungua.

Kisukari ndicho kinachomweka mtu kwenye hatari kuliko kitu kingine. Hufuatiwa na magonjwa ya figo, magonjwa sugu ya mapafu na unywaji wa pombe uliopindukia. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi, maana vijijini kwetu wengi wana kisukari na hawajawahi kupimwa.

Kuthibitisha kunahitaji maabara yenye uwezo wa kuotesha vimelea kutoka kwenye damu, makohozi, mkojo au usaha. Hata wakiota, mtaalamu asiyewafahamu anaweza kudhani ni uchafu ulioingia kwenye sampuli, akaitupa. Na kubahatisha dawa ni hatari, kwa sababu penisilini, ampisilini na jentamisini kwa kawaida haziwaui bakteria hawa. Mgonjwa huchomwa seftazidimu au meropenemu kwenye mshipa kwa siku zisizopungua 10, halafu humeza septrini kwa miezi 3 hadi 6. Akikatisha vidonge kwa kuwa amejisikia mzima, ugonjwa unaweza kurudi.

Mifugo nayo huugua. Mbuzi na kondoo huathirika sana: hukonda, hukohoa, huchechemea kwa kuvimba viungo, na mbuzi huweza kuvimba kiwele. Nguruwe anaweza kuonekana mzima kabisa mpaka achinjwe, ndipo bandama inakutwa na majipu. Nyama ya hivyo aione mkaguzi, isikatwe sehemu mbovu na nyingine ikauzwa. Maziwa ya mbuzi yachemshwe.

Chanjo haipo. Gambuti, glavu, kufunika kidonda kabla ya kuingia jarubani, kuoga kwa maji safi ukitoka, na maji ya kunywa yaliyochemka ndiyo kinga tuliyo nayo. Mwenye kisukari, kama kuna wa kumsaidia kupandikiza, bora amwachie. Na ukiwa na homa au kikohozi kisichosikia dawa, mwambie daktari mambo mawili hata kama hakuyauliza: kwamba unalima mpunga, na kama una sukari. Kisha omba sampuli ioteshwe.