Cheti cha Chama Si Kiti cha Udiwani

Wiki iliyopita kijana anayetaka kuwania udiwani aliketi mbele ya meza yangu, na hata salamu hazijaisha akaniambia: "Wakili, nisaidie nipate tiketi tu. Kwetu ukishika cheti cha chama, Agosti ni sherehe." Nikamwuliza wadi yake ina vituo vingapi vya kupigia kura. Hakujua.

Nimekuwa nikishughulikia mizozo ya uteuzi tangu uchaguzi wa 2013, na maneno hayo nimeyasikia kwa walimu wastaafu, kwa wenye matatu, kwa akina mama wa chama cha akiba. Yananiuma kwa sababu najua yanakoishia: shamba limeuzwa, pesa zote zimeliwa na mchujo wa chama, na asubuhi ya kura mheshimiwa hana hata nauli ya kuwapa mawakala wa kumlindia kura kituoni. Acha niyajibu madai yao, moja baada ya jingine.

"Tiketi ya chama chenye wimbi ni ushindi."

Wimbi lipo, wala silikatai. Mkenya hupewa karatasi sita za kura siku moja, na wapo wanaoanza na ya urais kisha wakashuka na alama ileile hadi ya wadi. Majirani zetu Tanzania wana jina zuri la mtindo huo, mafiga matatu: rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Lakini kadiri wimbi linavyoshuka ndivyo linavyopoteza nguvu. Kwenye karatasi ya urais mtu anampigia kura mgombea ambaye hajawahi kumpa mkono. Kwenye ya wadi anampigia mtu anayemjua kwa nyumba na kwa ukoo, anayekumbuka alikosa matanga ya nani na basari ya mwaka jana alimpa mtoto wa nani. Hapo alama ya chama inashindana na kumbukumbu.

Hata ngazi ya kaunti nzima, kwenye pesa na helikopta, tiketi huangushwa. Meru mwaka 2022 William Ruto aliongoza kwa mbali kura za urais, na Mithika Linturi ndiye aliyekuwa na tiketi ya ugavana ya UDA, chama cha Ruto. Kiti kilichukuliwa na Kawira Mwangaza, mgombea huru. Gavana aliyekuwa ofisini, Kiraitu Murungi, alimaliza wa tatu. Mwaka uo huo Andrew Mwadime alishinda Taita Taveta bila chama. Laikipia ndiyo inayonifundisha zaidi. Mwaka 2017 gavana Joshua Irungu alitetea kiti kwa tiketi ya chama cha Jubilee, wakati chama hicho kikitamba eneo lile, akaangushwa na Ndiritu Muriithi aliyesimama huru. Mwaka 2022 Muriithi alitetea kiti akiwa na Jubilee. Irungu akarudi na UDA, akamng'oa. Kwa hiyo tiketi ina uzito, lakini ni uzito wa msimu mmoja na mahali pamoja, na anayeinunua leo kwa bei ya jana amepunjwa.

Kinachonikera hasa si hata wimbi. Ni suala la mawakala. Sheria ya Uchaguzi inakiruhusu chama kuteua wakala mmoja katika kila kituo kwa wagombea wake. Mmoja, kwa wote. Chama kisipoteua, ndipo mgombea anaweza kuweka wa kwake. Sasa fikiria wewe, diwani mtarajiwa, ukimtegemea wakala aliyelipwa na kambi ya gavana. Usiku wa manane, kura zinahesabiwa kwa taa ya betri, huyo wakala anahangaikia Fomu 37A, fomu ya matokeo ya ugavana kituoni. Yako ni 36A, na karatasi ya wadi huhesabiwa watu wakiwa wamechoka. Mgombea huru aliye jirani yako ana wakala wake mwenyewe, binamu yake, aliye macho kama mlinzi. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na udiwani huamuliwa kwa tofauti ya kura unazoweza kuzihesabu kwa vidole vya familia moja. Nimekutana na wateja waliotaka kupinga matokeo bila nakala ya fomu hata moja mkononi. Nitawasilisha nini mahakamani, machozi?

Ndiyo maana kila mteja namwambia jambo lilelile hadi wananichoka: pesa za mawakala zitenge kabla ya pesa za tiketi. Ziweke kwa mtu asiyeweza kukuonea huruma. Kisha kaa na chama mapema mjue wakala wa kila kituo ni nani, na aahidi kwa jina kukuletea nakala ya 36A.

Na usisahau muungano. Mwaka 2022 vyama vilivyomuunga mkono mgombea mmoja wa urais vilisimamisha wagombea tofauti kwenye wadi ileile, ndani ya muungano wa Azimio na ndani ya muungano wa Kenya Kwanza pia. Tiketi ya chama chako haikukingi dhidi ya ndugu yako wa mrengo.

"Kiongozi wa chama aliniinua mkono jukwaani."

Mkono ulioinuliwa ni picha ya kuweka ukutani. Tume ya uchaguzi, IEBC, hutazama cheti kilichotiwa saini na maafisa ambao chama kimewatambulisha kwake pamoja na vielelezo vya saini zao. Baraka za wazee ni vivyo hivyo: zina heshima, zinavuta kura, lakini hazisajiliwi popote. Ukiporwa cheti baada ya kushinda mchujo, anza kwa kulalamika ndani ya chama kwa maandishi, siku hiyohiyo, kisha nenda kwenye jopo la mizozo ya vyama, PPDT. Jopo litakuuliza kwanza kama ulijaribu kusuluhisha ndani. Anayekuja kwangu baada ya wiki moja ya kuzungukia nyumba za wakubwa kuomba huruma ananiletea kesi iliyokwisha kufa.

"Nikiangushwa kwenye mchujo nitasimama huru."

Inawezekana, lakini kwa kalenda. Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, basi hesabu nyuma hadi 10 Mei. Chama kikivuta mchujo wake hadi mwisho, na rufaa ikakula siku kumi, dirisha limefungwa. Zaidi ya hapo unahitaji wapiga kura 500 wa wadi hiyo wanaokuunga mkono.

"Mgombea huru hana bwana."

Ana shida nyingine. Mwangaza alishinda Meru, ila hakuwa na chama chake bungeni cha kumkinga. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa mara tatu, na mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikakubali. Diwani huru naye akijiunga na chama baada ya kuapishwa, anapoteza kiti. Aliyechaguliwa kwa chama akikihama, vivyo hivyo. Kifungu cha 194 hakina upole kwa yeyote.

"Viti maalumu vya bunge la kaunti hufuata kura za urais."

Hapana. Hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi ambavyo kila chama kimeshinda katika kaunti hiyo. Wadi iliyochukuliwa na mgombea huru haiongezi chochote kwenye orodha ya chama. Akina mama wanaosubiri uteuzi wanapaswa kuwa watu wa kwanza kuwapigania wagombea wa wadi, na ni nadra niwaone wakifanya hivyo.

"Mimi sijawahi kuwa mwanachama wa chama chochote."

Una hakika? Sajili ya vyama ilipofunguliwa kwa umma kupitia eCitizen, Wakenya wengi walikuta majina yao kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Angalia jina lako leo, usingoje 2027. Ukilikuta, andika barua ya kujiuzulu, ipeleke kwa chama na kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, na usiondoke kaunta bila nakala iliyopigwa mhuri wenye tarehe.