Pumziko kati ya seti: ndilo linaloamua zoezi la nguvu lichukue muda gani

Swali ambalo mtu anayeanza kunyanyua vyuma hulipeleka mapema kwa mwalimu wake ni muda: afanye mazoezi nusu saa, saa moja au saa mbili? Jibu analopewa mara nyingi ni saa moja, nalo si baya, ila halimsaidii sana mpaka ajue saa hiyo imejaa nini. Sehemu kubwa ya muda huo hutumika kupumzika, wala si kunyanyua.

Seti ni mfululizo wa marudio ambayo mtu huyafanya kabla ya kuweka chuma chini. Pumziko kati ya seti ni muda unaoanza chuma kinapowekwa chini na kuisha kinaponyanyuliwa tena. Tuchukue kipindi cha kawaida chenye mazoezi 5, kila zoezi seti 3, na kila seti sekunde 40 hivi. Kazi yote ya misuli hapo ni seti 15, yaani dakika 10 tu. Mazoezi mawili mazito, kama vile kuchuchumaa na chuma mabegani na kuvuta chuma kutoka sakafuni, yakipewa pumziko la dakika 3 baada ya seti ya kwanza na ya pili, tunapata dakika 12. Mengine matatu yakipewa dakika moja na nusu, tunaongeza 9. Kuhama kutoka zoezi moja hadi jingine na kubadilisha uzito kunachukua kama dakika 8. Ukijumlisha na dakika 10 za kupasha mwili, kipindi kizima kinakuwa dakika 49. Mtu huyohuyo akipumzika dakika 5 kila mara kwa sababu ameshika simu, kazi ya misuli inabaki dakika 10 zilezile, lakini yeye anatoka ukumbini baada ya dakika 78 akiamini kwamba amefanya mazoezi mengi.

Sababu ya kupumzika imo ndani ya misuli yenyewe. Misuli inapojikaza hutumia nishati iliyohifadhiwa katika kemikali iitwayo ATP, na akiba yake hutosha kwa sekunde chache tu. Ili isikatike, mwili huitengeneza upya papo hapo kwa kutumia kriatini fosfeti, ambayo nayo hupungua sana ndani ya sekunde 10 hivi za kazi ya nguvu zote. Kuanzia hapo mzigo unaangukia zaidi uvunjaji wa haraka wa sukari iliyohifadhiwa misulini, jambo linaloambatana na ule moto anaousikia mtu katika marudio ya mwisho. Chuma kikishawekwa chini, kriatini fosfeti huanza kurudi kwa kasi, kisha kasi hiyo hupungua, na huchukua dakika 3 hadi 5 kukaribia kujaa tena. Ndiyo maana mtu anaweza kuona pumzi imetulia na kujihisi yuko tayari, kumbe misuli yake bado haijarudisha akiba. Hata kanuni za mashindano ya kunyanyua vitu vizito zinalizingatia hilo kwa namna yake: mchezaji akiitwa hupewa dakika moja ya kuanza kunyanyua, lakini akilazimika kujaribu mara mbili mfululizo hupewa dakika 2.

Upungufu huo huonekana wazi kwenye hesabu ya marudio. Tuseme kijana amelala kwenye benchi anasukuma chuma cha kilo 50, uzito ambao akiwa hajachoka anaweza kuusukuma mara 10. Akipumzika sekunde 45 tu, seti ya pili inaweza kuishia kwenye marudio 7 na ya tatu kwenye 5, jumla 22. Akisubiri dakika 3, anaweza kufikisha 10, 9 na 8, jumla 27. Tofauti hiyo ya marudio 5 ni kilo 250 za kazi ambazo yule mwenye haraka hakuzifanya, ingawa ndiye aliyetoka jasho zaidi na ndiye atakayesema kwamba zoezi lake lilikuwa kali.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba pumziko refu ni la kujenga nguvu na pumziko fupi ni la kukuza misuli. Mwongozo wa mwaka 2009 wa Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo ulipendekeza angalau dakika 2 hadi 3 kwa mazoezi makuu yenye uzito mkubwa, na dakika 1 hadi 2 kwa mazoezi ya kusaidia. Mwaka 2016 mtafiti wa mazoezi Brad Schoenfeld na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wiki 8 uliohusisha vijana 21 wa kiume waliozoea vyuma, baadhi wakipumzika dakika 1 na wengine dakika 3. Waliopumzika dakika 3 waliongezeka nguvu zaidi, na misuli ya mbele ya mapaja yao ilinenepa zaidi. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo tusiligeuze kuwa sheria, lakini matokeo yenyewe yanaendana na hesabu ya yule kijana wa kilo 50. Pumziko la chini ya dakika moja linabaki na nafasi yake kwa anayetaka stahamala ya misuli kwa uzito mwepesi.

Katika kumbi za uswahilini, ambako chuma ni bomba lenye makopo mawili ya saruji kwenye ncha zake, jambo hili mara nyingi hujipanga lenyewe bila saa. Watu watatu wanaotumia chuma kimoja kwa zamu, kila mmoja akinyanyua kwa sekunde 40 na kupisha kwa sekunde 20, humpa kila mtu zaidi ya dakika 2 za kupumzika. Nimeona foleni ya namna hiyo ikitunza muda vizuri kuliko ukumbi wenye mashine nyingi na viyoyozi, kwa kuwa anayechelewa hukumbushwa na wenzake papo hapo.

Ipo pia imani kwamba zoezi likizidi dakika 45 homoni za kujenga misuli hushuka na faida yote kupotea. Homoni hizo hupanda kwa muda mfupi baada ya mazoezi, lakini majaribio yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada hayakuona kwamba kupanda huko ndiko kunakoamua ukuaji wa misuli. Kinachoharibu kipindi kirefu ni jambo la kawaida zaidi: uchovu unaofanya mkao wa mwili ulegee, na ratiba nzito ambayo mtu huishindwa baada ya wiki tatu.

Mwenye nusu saa tu apunguze idadi ya mazoezi, asipunguze pumziko la mazoezi mazito. Dakika 5 za kupasha mwili, mazoezi mawili mazito yenye mapumziko ya dakika 3, na moja jepesi lenye pumziko la dakika moja na nusu, pamoja na dakika 2 za kuhama kila mara, yanatimia ndani ya dakika 30. Akitaka zaidi, anaweza kuunganisha mazoezi mawili yanayotumia misuli tofauti, mtindo unaoitwa supaseti: anasukuma kwa kifua, anapumzika dakika moja, anavuta kwa mgongo, anapumzika dakika moja, kisha anarudi kusukuma. Kifua chake kinakuwa kimepumzika dakika 2 na sekunde 40, ilhali yeye mwenyewe hakukaa zaidi ya dakika moja kwa mara moja. Mtindo huo haufai kwa kuchuchumaa na chuma pamoja na kuvuta chuma kutoka sakafuni, kwa kuwa yote mawili huuchosha mgongo uleule wa chini.