Kamba wakifa bwawani, nusa tope kwanza kabla hujamwaga mwarobaini

Tangu mvua za masika zikolee, simu ofisini kwetu Malindi hazikatiki. Zatoka kwa wafugaji wa kamba wa Ngomeni, Gongoni, mpaka huku Sabaki, na karibu zote zauliza jambo moja: kamba wanaelea, nimeambiwa nitie mwarobaini, nitie kiasi gani? Nimeona niandike kwa wote manake kumjibu mmoja mmoja huku mwengine keshamwaga ndoo haisaidii.

Jibu ni usitie. Mwarobaini kwenye kunde na mboga ni dawa kweli, inafanya kazi kwa kumvuruga mdudu ashindwe kujivua gamba. Sasa kamba naye ni wa ukoo huohuo, anakua kwa kujivua gamba, na wengi wanajivua siku za bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, hapo anakuwa laini kama uji na wenzake wakimpata wanamla. Wewe unamletea sumu inayompiga palepale alipo dhaifu. Watu wanasema lakini ni kitu cha asili, jamani, utupa pia ni wa asili na tunajua unawafanya nini samaki! Njia ya asili ya kulinda kamba ipo na tunaiunga mkono kabisa, ila haimo kwenye majani ya kumwaga, imo kwenye tope, maji na chakula.

Juzi nilikuwa Ngomeni kwa mzee mmoja, bwawa lake kama nusu ekari hivi. Akaniambia afisa, maji yangu ni safi, ugonjwa umetoka kwa jirani. Nikaingia mpaka magotini, kona ya mbali na lango la maji kule maji yasikotembea, nikachota tope konzi moja. Juu lilikuwa kahawia, unene wa ukucha tu, chini yake jeusi tii na linanuka mayai viza. Nikampa mzee anuse, akageuza uso. Ile harufu ni gesi yenye sumu na kamba anaishi humohumo, analala chini, anajifukia chini, anakula chini. Nikamwokota mmoja bado yuko hai, mashavu yake ya kupumulia yamekuwa meusi kama masizi. Nikauliza chakula unatoaje? Debe asubuhi debe jioni, nikiona hawakui naongeza.

Hapo ndipo ugonjwa ulipotoka. Protini unayomlisha kamba, karibu robo tu ndio inageuka nyama, iliyobaki inabaki bwawani kama kinyesi na mabaki, inaoza, inatoa amonia, inamaliza oksijeni. Kwa hio chakula usirushe kwa macho. Chukua sinia la wavu, liwekee chakula kidogo, lizamishe mpaka chini, rudi baada ya saa mbili ulivute. Likibaki na chakula punguza, na siku za kujivua gamba hawali sana kwa hio punguza hata kabla hujaangalia. Ni kazi ya dakika tano na sielewi kwa nini watu wanaiona ngumu.

Mkishavuna, bwawa lipumzike. Toa maji yote, lile tope jeusi lipandisheni kwenye matuta, msilisukume kwenye mkondo manake mwenzako wa chini anavuta maji hayohayo. Acha jua lipige mpaka chini kupasuke nyufa na mguu usizame. Lakini hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vingi havisisitizi, mabwawa mengi ya Ngomeni, tangu ule mradi wa kamba wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa miaka ya 1970 mwishoni, yalichimbwa kwenye ardhi ya mikoko. Udongo wa mikoko una madini ya salfa, maadamu yako chini ya maji yametulia, yakikaushwa kupita kiasi yanakutana na hewa yanageuka asidi. Ukiona madoa ya manjano kwenye nyufa, au maji ya mwanzo yana rangi ya kutu, ndio hio. Basi usikaushe hadi udongo uwe vumbi, na kabla ya kupandikiza kamba wapya ingiza maji ya bamvua, yaache siku moja mbili, yatoe, rudia mara mbili tatu mpaka kipimo cha asidi (pH, kikishuka asidi imezidi) kikae baina ya 7.5 na 8.5.

Na chokaa ya kupunguza asidi hio. Itakiwayo ni chokaa ya kilimo, ile ya kusaga isiyochomwa. Ya kujengea, ambayo huku pwani tumezoea kuichoma kutokana na matumbawe, ni kali, itumie bwawa likiwa tupu tu. Ukiimwaga na kamba wamo unapandisha kile kipimo cha pH ghafla, na kipimo kikipanda ile amonia iliyokuwemo inageuka kuwa sumu kali zaidi. Nimeshuhudia bwawa zima likienda kwa usiku mmoja kwa sababu ya magunia mawili, na mwenyewe alikuwa na nia nzuri kabisa.

Maji yabadilishwe siku za bamvua, maji mafu, yale yasiyojaa sana, hayana nguvu ya kuingia, hilo mnalijua kuliko mimi. Ninalotaka mzingatie ni mvua. Maji ya mvua ni mepesi, yanakaa juu ya yale ya chumvi, kwa hio ikinyesha sana toa mbao za juu za lango yatoke kwa juu, usifungue chini ukapoteza chumvi yako. Kamba wetu anapenda chumvi kama gramu 15 hadi 25 kwa lita. Na mto Sabaki ukifurika na lile tope lake jekundu, funga lango usubiri.

Rangi ya maji pia isomeni. Funga sahani nyeupe kwenye ufito, izamishe taratibu, ikipotea machoni kwenye sentimita 30 hadi 40 uko sawa. Ikipotea kwenye 20, mimea midogo imezidi, mchana inatoa oksijeni na usiku inaila, kwa hio nenda bwawani saa kumi na moja alfajiri ukaone, kamba wakiwa wamejipanga ukingoni juu juu wanakosa pumzi. Samaki aina ya mwatiko wachache ndani ya bwawa wanasaidia kupunguza uchafu huo. Ufilipino wafugaji wamekwenda mbali zaidi, wanafuga perege kwenye bwawa la akiba na kutumia maji yake ya kijani kwa kamba, na wale bakteria wanaong'aa usiku, wanaowaua kamba, wakapungua. Ila zile habari za kutia molasi kwa ndoo mnazoziona kwenye video, kama huna mashine ya kupuliza hewa usijaribu, molasi inakuza bakteria na hao nao wanavuta oksijeni.

Antibayotiki hapana. Ugonjwa wa madoa meupe uliofunga mashamba Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012 ni virusi, hauna tiba, na kaa anaubeba bila kuonyesha dalili. Tena virusi hivyo vinavumilia friza, kwa hio vichwa vya kamba wa barafu wa kutoka nje msiwalishe kaa wala kufanya chambo. Mtu akila hadhuriki, kamba ndio wanaokwisha.

Sasa vibali, manake nako kuna maneno mengi. Kufuga kibiashara kunahitaji laiseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2016, na kuchimba bwawa jipya kunahitaji tathmini ya mazingira ya NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, kwanza, inayoandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa nao, sio binamu mwenye kompyuta. Kumwaga maji ya bwawa kwenye mkondo kuna kibali chake. Kuingiza mbegu hai, yaani vifaranga vya kamba, kutoka nje ya nchi kuna kibali chake. Mikoko yote ya pwani, Lamu mpaka Vanga, ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hio neno "shamba la babu" halitakuokoa. Ukikosea ni faini au kifungo au vyote, na juu yake unaweza kuamriwa urudishe mahali palivyokuwa kwa gharama yako. Hatupendi kufika huko. Na ule mkanda wa mikoko mbele ya lango uacheni, mizizi yake inashika tope na kunyonya mbolea ya bwawa lako kabla haijafika kwa mwenzako.

Mkileta sampuli, tafadhali, leteni kamba anayeumwa lakini bado hai, ndani ya ndoo ya maji ya bwawa lilelile. Aliyekufa jana kwenye mfuko wa plastiki hatuwezi kumpima, keshaoza. Pamoja naye chupa ya maji yaliyochotwa alfajiri na konzi ya tope kutoka kona ya mbali na lango, na mniambie mmelisha kiasi gani wiki hio. Njooni kabla ya saa nne asubuhi.